Niliyakata Kabla ya Siku Zake

Nimepoteza mbegu ya maboga iliyokuwa kwa akina mama yangu tangu mimi sijazaliwa. Panya hawakuila. Haikusombwa na maji. Hakuna aliyeiiba. Niliipoteza mimi, kwa makosa mawili yaliyofuatana: nilipanda mbegu zote nilizopewa, kisha nikayakata maboga yakiwa hayajakomaa. Kosa la kwanza lingekuwa peke yake, pengine nisingelijua hata leo. La pili lingekuwa peke yake, lingeniharibia futari ya siku chache, basi. Yalipokutana ndipo mbegu ikaisha.

Nayasema haya kwa sababu maboga hulimwa na watu wengi ambao hawajiiti wakulima. Mbegu inatupwa jalalani pamoja na taka za jikoni, mvua inanyesha, shina linatambaa mpaka kwenye uzio wa jirani, na miezi michache baadaye nyumba ina mboga na ina boga. Zao linalotoa kwa urahisi hivyo hulidhanii kuwa na masharti. Mimi sikulidhania. Kama nyuma ya nyumba yako sasa hivi kuna boga kubwa limelala kwenye majani, nawe unalihesabia siku ya kulila, ulipo wewe ndipo nilipokuwa mimi.

Mbegu zilitoka kwa mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi wilaya ya Muheza, kule milima inakoanza kupanda kuelekea Amani. Boga lake lilikuwa na ganda la kijivu, lenye mifereji inayoshuka kutoka kikonyoni hadi kitakoni, na likikomaa hulibebi peke yako ukafika nalo mbali. Ndani lilikuwa la rangi ya chungwa iliyokolea. Ukilichemsha halikutoa maji. Lilikuwa la unga, linapasuka lenyewe sufuriani, na ukilitia tui zito, iliki, sukari kidogo na chembe ya chumvi, hakuna aliyeomba kitu kingine cha kufuturia. Tulipokuwa watoto tukienda kwake likizo, boga moja lilikatwa vipande na kugawiwa nyumba za jirani, na bado siku ya pili tulikula kiporo chake.

Mama mkubwa hakuruhusu mbegu hiyo iishe. Kila msimu alichagua boga moja, lile lililokaa shambani kuliko yote, akaliweka kwenye uchaga wa jikoni likiwa zima. Lilikaa pale wiki nyingi. Sisi watoto tulikuwa tukimuuliza linangoja nini, naye hajibu. Mwisho alilipasua, akazianika mbegu kivulini kwenye ungo, akazichanganya na majivu na kuzifunga kwenye kipande cha kanga, kisha fundo likaning'inizwa juu ya mafiga, moshi unakopita. Mwaka uliofuata fundo lilifunguliwa, lakini halikumalizwa.

Mwaka 2023 magoti yalimzidi. Shamba akampa mjukuu, na mjukuu akapanda michungwa, kama wanavyofanya wengi Muheza. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi wa kumi, alinituma nilishushe fundo, akalifungua mwenyewe na kunimiminia mbegu zote kiganjani.

"Hizi ndizo zilizobaki, mwanangu," alisema. "Usizipande zote. Na boga usilikate mpaka kikonyo kiwe mti."

"Sawa, mama mkubwa."

Nilijibu sawa nikiwa namtafutia dawa yake ya kuchua kwenye mkoba. Maneno niliyasikia. Siwezi kusema sikuambiwa.

Kwangu ni Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na nina uwanja wa kutosha nyuma ya nyumba. Nilichimba mashimo mapana, nikajaza samadi iliyooza vizuri, nikaacha hatua kubwa mbili kati ya shimo na shimo. Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño. Mvua ilinyesha kama haitaki kuacha, na mimi nikaiona ni baraka isiyofaa kupotezwa. Nikaweka mbegu tatu tatu kila shimo mpaka zikaisha. Zilipoota, nikang'oa miche iliyoonekana dhaifu na kuacha mmoja mmoja, kwa sababu mashina ya maboga yakisongamana hunyang'anyana chakula. Ile miche iliyong'olewa niliitupa kwenye lundo la mboji. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya mbegu za mama mkubwa niliiua kwa mkono wangu katika wiki ya pili, tena nikijiona ni mkulima anayejua kazi.

Mbegu ya boga iliyokomaa, ikakaushwa na kuwekwa pakavu, huishi miaka minne na hata zaidi. Sikuwa na sababu yoyote ya kuzimaliza. Chupa moja ya chumvi iliyooshwa ikakauka ingetosha kubeba nusu yake mpaka leo.

Maua ya kwanza yote yalidondoka. Nilitaabika sana na jambo hilo mpaka nikaelewa kwamba boga hutanguliza maua dume, wiki moja au mbili kabla ya majike, na dume kazi yake ikiisha hudondoka. Ua jike utalijua kwa kuangalia chini yake: limebeba kiboga kidogo kabisa tangu halijafunguka. Hufunguka alfajiri, na jua likishapanda linajifunga, halifunguki tena. Asubuhi ile moja tu ndiyo yake. Chavua ya maboga ni nzito na inanata, upepo hauibebi, kwa hiyo bila nyuki hakuna boga. Na nyuki hawatoki mvua ikinyesha. Nikaanza kuamka mapema. Nilichuma ua dume, nikalimenya petali zake zote mpaka kikabaki kijiti cha katikati chenye vumbi la njano, nikakisugua taratibu ndani ya ua jike. Siku mbili tatu baadaye kiboga kikiwa bado kijani na kinang'aa, umefanikiwa. Kikigeuka njano na kusinyaa, umekosa.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri, na niliipenda mno. Maboga yaliyoshika yalishika wiki ambayo watoto walirudi shule, Januari 2024. Nasema wiki kwa sababu tarehe sikuiandika popote. Ingekuwa mstari mmoja tu kwenye kalenda ya ukutani.

Hapa lazima niseme ukubwa ulivyoniingia kichwani. Mwezi ule ule niliopewa mbegu, Oktoba 2023, Mmarekani mmoja, Travis Gienger wa jimbo la Minnesota, alipeleka boga kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California, likapimwa kilo 1,247. Wakati ule lilikuwa boga zito kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Niliiona video yake kwenye simu, nikatafuta nyingine, nikawa nalala nimechelewa. Nikajifunza kwamba karibu maboga yote ya mashindano hayo yanatokana na mbegu ya Atlantic Giant, iliyozalishwa na mkulima Howard Dill huko Windsor, Nova Scotia, Kanada, kwa kuchagua mbegu mwaka hadi mwaka. Nikajifunza wanavyobakiza boga moja tu kwa kila shina ili chakula chote kiende kwake, na wanavyofukia vifundo vya shina udongoni ili vitoe mizizi mipya.

Nikafanya vivyo hivyo. Nilifukia vifundo. Nilikata viboga vyote vya ziada na kubakiza kimoja kwa kila shina. Kila asubuhi nilipima kwa kamba na kufunga fundo jipya kwenye kamba hiyo, na kweli boga likiwa kwenye kasi yake hukua mpaka jana na leo hazifanani. Niliwatumia ndugu picha kwenye kundi la familia. Wakasifu. Dada yangu wa Dar es Salaam akasema na wao wanalitaka kwa Ramadhani. Nikaahidi.

Ambacho sikukiiga kwa wale wakulima ni daftari. Kila mmoja wao anajua siku ambayo ua lilichavushwa, na anahesabu kuanzia hapo. Tena boga lao huenda kwenye mizani, haliendi sufuriani. Limezalishwa kwa ajili ya uzito na halisifiwi kwa utamu. Mimi nililima boga la kula na la mbegu, nikaliangalia kwa jicho la mtu anayepima uzito. Mama mkubwa hakuwahi kunitajia ukubwa hata mara moja. Alinitajia kikonyo.

Mwanzoni mwa Februari kamba ikaacha kupata mafundo mapya. Maboga yalikuwa yameacha kukua. Nikasema, basi, yamefika. Hilo ndilo kosa lenyewe hasa, na ningependa ulitazame polepole. Boga halikui na kukomaa kwa wakati mmoja. Kwanza linajenga chumba, na hilo linalifanya upesi, wiki tatu au nne baada ya ua. Likishamaliza ndipo linaanza kujaza: wanga nyamani, ugumu kwenye ganda, na mwisho kabisa kiini ndani ya mbegu. Kwa macho ya mtu aliyesimama nje, kipindi hicho cha pili hakina kinachotokea. Boga limekaa tu. Nami nikaona kulibakiza ni kulihatarisha.

Sababu nyingine zilikuwepo na zote zilionekana za maana. Mtaa wa pili mtu alikuwa ameibiwa mikungu ya ndizi usiku. Shemeji alikuwa anapeleka gari Dar, na sikujua lini ningepata usafiri mwingine wa kubeba mzigo wa namna ile. Majani yalikuwa yameanza kupata ubwiri unga, ule weupe unaotapakaa juu ya jani, nikadhani shina linakufa na boga halitapata chochote tena. Isitoshe, muda wote huo nilikuwa nachuma msusa wa mboga karibu kila siku mbili, kwa sababu nyumba yetu inaupenda, na hayo ndiyo majani yaliyokuwa yanalilisha boga. Kuchuma kidogo si neno. Mimi nilichuma kila ncha niliyoiona changa.

Nikayakata katikati ya Februari, takriban mwezi mmoja tangu yashike.

Kikonyo kilikuwa kijani, kimejaa maji. Kisu kilipita bila kusita, na pale palipokatwa pakatoka utomvu matone kwa matone. Kikonyo cha boga lililoiva hukauka, kikawa na mipasuko na rangi ya mti mkavu. Hiki kilikuwa kinang'aa. Niliona. Nikaendelea. Maboga mengine niliyabeba kwa kushika kikonyo hicho hicho, kikakatika na kuacha shimo bichi juu. Nikayaosha yote kwa maji ya bomba ili yapendeze. Mawili yakapanda gari la shemeji, mengine nikayapanga stoo kwenye sakafu ya saruji, yakigusana, chumba hakina dirisha.

Jioni ile nikataka nipike moja. Boga la mama mkubwa halikatwi kwa kisu cha jikoni. Kwake tulilipasua kwa panga, na panga lisipopata mfereji hurudi. Nilishika kisu cha kawaida nitie alama tu, nijue nitapiga wapi panga. Kisu kikazama mpaka kwenye mpini.

Nikasimama. Nilijua pale pale, kabla sijaona ndani.

Nililifungua. Nyama ilikuwa njano iliyopauka, na karibu na ganda ilikuwa bado kijani. Maji yalichuruzika mezani. Mbegu zilikuwa nyeupe, bapa, zimeng'ang'ania nyuzi zake, haziachii. Mbegu ya boga iliyokomaa ina tumbo. Ukiipitisha kati ya vidole unahisi uvimbe wake katikati. Nikachukua moja nikaibana kwa kucha. Ikapasuka, likatoka tone la maji, na ndani mlikuwa na kiini chembamba, laini, kisichofika hata nusu ya ganda lake. Nikabana ya pili, nikabana ya tatu. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nazi bado haijavunjwa.

Futari sikuifikiria. Nilifikiria lile fundo la kanga, nikakumbuka nilivyolikung'uta juu ya shimo la mwisho ili isibaki hata moja. Nikafikiria maboga yaliyoko njiani kwenda Dar, na yale ya stoo, yote ya siku moja na hili. Uani hakikubaki kiboga hata kimoja ambacho kingeendelea kukua, kwa sababu vya ziada nilivikata mwenyewe. Ndani ya dakika chache niliyaona makosa yote yamepangana, na kila moja lilikuwa limefunga mlango ambao lingine lingetokea.

Kisha nikafanya kosa jingine. Nililipasua boga la pili, nikitaka kuamini kwamba la kwanza lina kasoro yake peke yake. Lilikuwa vile vile. Mume wangu akaja kuuliza kama litafaa, nikamwambia litafaa. Halikufaa. Tulikula supu ya nazi yenye vipande vya maji, na watoto wakaacha.

Uchungu mkubwa niliupata baadaye, nilipojua kwamba hata usiku ule mbegu zilikuwa bado zinaweza kuokolewa. J. Brent Loy, aliyezalisha maboga kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, alionyesha kwamba mbegu za boga huendelea kujaa hadi takriban siku 55 baada ya ua kuchavushwa, na kwamba boga likikatwa mapema, mbegu huendelea kujijaza kwa kuinyonya nyama iliyoko ndani. Nyama inapoteza utamu wake, lakini mbegu inapata. Ndiyo ile kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye uchaga wa mama mkubwa, tulipomuuliza boga linangoja nini. Lingekaa zima, lina kikonyo chake, kavu, penye upepo, huenda ningepata mbegu chache za kuanzia tena. Siku 55 tangu yale maua zingetimia mapema Machi. Mwezi wa Ramadhani uliandama siku chache tu baadaye. Ningesubiri tu hadi siku ya kwanza ya mfungo, ningekuwa na futari na ningekuwa na mbegu.

Yale ya stoo sikuyapa nafasi hiyo. Uozo uliingia pale vikonyo vilipokatikia. Boga linalokusudiwa kuwekwa halioshwi, na linaachwa na kikonyo cha urefu wa vidole vinne. Linakaa kwanza siku kumi hivi mahali penye joto na hewa, ganda likazane na michubuko ifunge. Yangu yalikaa yamelowa, yanagusana, kwenye saruji. Nilipofungua mlango siku moja harufu ilinipokea, na nilipolinyanyua la chini kabisa, kitako kilibaki sakafuni.

Mbegu za yale mawili niliyoyapasua nilizianika juu ya bati, jua la Februari la Tanga likiwaka. Zilikauka siku moja. Zikajikunja. Nikajiambia zitaota tu, nikazitunza kwa majivu, na masika yalipoanza nikazipanda. Nilingoja. Ukachomoza mche mmoja, jani limejikunyata, ukanyauka kabla ya jani la pili. Nikachimbua mashimo kwa kidole. Kila ganda nililolipata lilikuwa limegawanyika pande mbili na katikati mmeingia udongo.

Nilikwenda Muheza kumwambia. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Maboga yamekubali?"

Nikamweleza. Hakunikatiza. Aliuliza jambo moja: "Kikonyo kilikuwa kibichi?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kidogo, kwa namna ya mtu anayesikia jambo alilowahi kuliona. Kisha akauliza, "Na zile ulizobakiza, ziko salama?"

Nikasema sikubakiza.

Hapo alinyamaza. Kukata boga changa kwake kulikuwa kosa la msimu mmoja, linasameheka, kila mtu amewahi kulifanya. La kutobakiza hakulitegemea. Nilimwona akitazama juu ya mafiga, ambako sasa pananing'inia ungo tu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Hasara nataka niitaje kama ilivyo. Fedha haikuwa kubwa: samadi, maji ya miezi mitatu, nguvu zangu. Dada yangu wa Dar alipika boga nililomtumia, akanipigia kunishukuru kwa adabu, na sauti yake ikanitosha kujua. Hasara ni ile mbegu. Maboga asili yake si huku. Yalivushwa kutoka Amerika, na kwenye pango la Guilá Naquitz huko Oaxaca, Meksiko, zimepatikana mbegu za jamii moja ya maboga yaliyolimwa na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Hili letu la ganda la kijivu naliona ni la jamii iliyotoka Amerika ya Kusini. Kati ya huko na uchaga wa mama mkubwa kuna watu wengi mno nisioweza kuwajua, na kila mmoja wao, msimu kwa msimu, alibakiza mbegu. Sidhani wote walikuwa hodari. Wengine walikuwa na njaa kuliko mimi, na walibakiza.

Mama mkubwa ndiye aliyepata pa kuanzia. Alikumbuka kwamba zamani alimpa boga mama mmoja wa kitongoji cha jirani. Tukamtuma mtoto, akarudi na mbegu za kiganja kimoja. Zilikuwa zimelimwa miaka yote hiyo pamoja na maboga ya kijani ya mviringo, na nyuki hachagui, kwa hiyo ndani yake kuna mchanganyiko. Nilipanda nusu vuli ya 2024. Nusu iko kwenye chupa.

Jioni kabla ya ua jike kufunguka ninalifunga ncha kwa uzi, na dume lake vivyo hivyo, ili nyuki asiwahi. Asubuhi nalichavusha mwenyewe na kulifunga tena. Kwenye kikonyo nafunga kitambaa chenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Tarehe hizo zimeandikwa pia mlangoni mwa stoo kwa chaki, mume wangu asije akakata boga kwa kunihurumia. Msusa nachuma kwenye mashina mengine niliyoyapanda kwa ajili ya mboga tu, ya mbegu ya dukani.

Maboga ya msimu ule yalitoka ya kila aina. Moja lilikuwa la kijani kabisa. Moja lilikuwa la kijivu na lenye mifereji, nikalishangilia, lakini ndani lilikuwa njano na la maji, na lilikuwa limetimiza siku zake. Jingine lilikuwa na ganda la mabaka, nyama ya chungwa, na kisu kilikataa. Hilo nililiweka kwenye uchaga mwezi mzima na zaidi kabla ya kulipasua, nikapeleka kipande Muheza. Mama mkubwa alikitafuna taratibu, akasema la unga lipo, utamu wake bado. Mbegu za boga hilo nimezigawa mafungu matatu: langu, la dada yangu wa Dar, na moja nimelining'iniza mwenyewe juu ya mafiga ya mama mkubwa, kwenye kipande cha kanga alichonichagulia.